UZI: Mtoto amebanwa na pumu. Inhela, chupa na saa ya kwanza (Lamu, Pate, Malindi)

#1 nesi_wa_zamu

Asalaam aleikum nyote. Mafua yameanza kuzunguka vyuoni na skuli, na nyuma ya mafua huja pumu. Nafungua uzi huu kwa ajili ya saa ya kwanza tu: mtoto amebanwa, afanyiwe nini, kwa kipimo gani, na kwa nini mara nyingi dawa ni ile ile lakini haifui dafu.

Mtazame mtoto kabla hujashika dawa. Mvue shati. Mbavu zikizama kila anapovuta pumzi, shimo la chini ya koo likiingia ndani, mabawa ya pua yakitanuka, basi anafanya kazi kubwa. Mwambie ataje jina lake na la mamake. Akikata maneno ili apumue, hilo ni shambulio kali. Mchanga asiyesema, mpe titi: akilishika na kuliachia papo hapo kwa kukosa pumzi, hesabu vivyo hivyo.

Midomo au ulimi ukigeuka buluu, mtoto akilegea au kusinzia, au kifua kilichokuwa kikilia mluzi kikanyamaza ilhali mbavu bado zazama, msingoje chochote. Ondokeni huku dawa ikiendelea njiani. Kimya hicho watu hukidhania nafuu, kumbe hewa inayopita ni kidogo hata ya kutoa sauti haitoshi.

Kipimo cha inhela ya salbutamoli ya mikrogramu 100, kwa spesa (kichombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo wa mtoto):

Nyumbani, chini ya miaka 6, kifua kimebana lakini anaongea na kunywa: mipulizo 2, mmoja mmoja. Baada ya dakika 20 mtazame tena. Hajafunguka, rudia 2. Akihitaji zaidi ya 6 ndani ya saa mbili, ni safari ya hospitali hata kama anacheka.

Shambulio kali, nyumbani au kituoni: mipulizo 6, kila mmoja peke yake, na yote sita irudiwe kila dakika 20 katika saa ya kwanza. Wa miaka 6 kwenda juu huweza kupewa 4 hadi 10 kila awamu.

"Mmoja mmoja" ndipo wengi wanapoharibu. Tikisa inhela, bonyeza mara moja, mtoto apumue mara 5 au 6 ndani ya spesa, toa, tikisa tena. Ukibonyeza mara sita mfululizo, matone hugongana na kushika ukuta wa spesa, na mtoto hupata chini sana ya ulichotia.

#2 mfamasia_mtaa

Naongeza la kaunta. Watu huja na neno "nipe pampu ya pumu" na kuondoka na yoyote. Ya kufungua kifua ni salbutamoli, mara nyingi plastiki yake ni buluu. Ya kahawia aghalabu ni beklometasoni, ya kuzuia, na haimfungui mtoto aliyekwisha kubanwa. Viwanda ni vingi na rangi hubadilika, kwa hiyo soma jina na namba kwenye mkebe.

Mkebe mpya, au uliolala wiki nzima bila kutumika, upulize hewani mara 2 hadi 4 kabla ya kumpa mtoto. Mpulizo wa kwanza wa mkebe uliolala huwa na gesi nyingi na dawa chache.

Mkebe una mipulizo 200. Usio na namba ya kuhesabu, andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe ulipoanza, na uwe unapiga mistari. Ile habari ya kuutia majini kuona kama unaelea iacheni, haisemi kweli. Dawa ikiisha gesi hubaki, mkebe huendelea kupuliza "fssi" safi kabisa na ndani hamna kitu.

Plastiki ioshwe kwa maji ya uvuguvugu mara moja kwa wiki, mkebe ukiwa umetolewa. Tundu lile dogo huziba kwa unga mweupe wa dawa. Na msiweke inhela kwenye dirisha la jua wala kwenye kiti cha gari pale stendi ya Malindi adhuhuri. Mwisho wake ni nyuzi 30.

Kuhusu sharubati ya salbutamoli: kijiko cha mililita 5 kina miligramu 2. Mipulizo miwili ya inhela ni miligramu 0.2, yaani sehemu moja ya kumi. Bado ile ya inhela hufungua kifua ndani ya dakika chache, na ya kijiko huchukua kama nusu saa, ikizunguka tumboni na kwenye damu, moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka. Kwa mtoto aliyebanwa sharubati ni kupoteza wakati. Naiuza kwa kuwa imeandikwa, lakini ninasema.

#3 mama_wa_watatu

Ahsanteni. Ila mbona tukifika hospitali mtoto hutiwa mashine ya mvuke, na hapa mwatwambia spesa? Mashine si ndiyo yenye nguvu?

#4 klinik_malindi

Mama, swali lako ndilo linalojaza foleni usiku. Dawa ni moja. Mashine hupasua maji ya dawa kuwa ukungu, inhela hupuliza ukungu uliokwisha kutengenezwa. Miligramu 2.5 za mashine zaonekana nyingi kwa sababu nyingi yazo hupotea: hubaki kwenye kikombe, huruka nje ya barakoa, huganda usoni. Kwa mtoto ambaye shambulio lake si la kutishia uhai, inhela na spesa hufanya kazi sawa, moyo hauendi mbio sana, na hukawii kumaliza.

Mashine naiacha kwa mtoto anayehitaji oksijeni muda wote, aliyechoka kiasi cha kushindwa kutulia na spesa, au anayekaribia kuzimia. Hapo tunaiendesha kwa oksijeni yenyewe.

Hesabu yake, kwa wenzangu wa zahanati: chupa ya miligramu 5 kwa mililita, chukua mililita 0.5, ongeza maji ya chumvi ya 0.9% mpaka jumla iwe mililita 3 au 4. Vile vichupa vidogo vya plastiki vyenye 2.5 ndani ya mililita 2.5 huingia kizima. Msiongeze maji matupu, hata yaliyochemshwa, hata ya sindano. Maji yasiyo na chumvi hubana njia za hewa, mkawa mnafungua kwa mkono mmoja na kufunga kwa mwingine.

Barakoa iguse uso. Kuishika mbali kidogo kwa sababu mtoto analia, kama mashabiki wengi wa "moshi upite tu puani", ni kunyunyizia ukuta.

#5 fundi_wa_mashine

Hapo kwenye "kuendesha kwa oksijeni" nina la kusema, maana naitwa kutengeneza mashine nzima kumbe kosa ni mtiririko.

Kikombe cha nebulaiza, yaani hiyo mashine ya mvuke, kinataka lita 6 hadi 8 kwa dakika. Silinda inaweza. Mashine nyingi za kuzalisha oksijeni, zile za magurudumu, mwisho wake ni lita 5. Ukiunganisha hapo utaona ukungu, lakini matone ni makubwa. Yanayofika kwenye vijinjia vidogo vya mapafu ni ya mikroni 1 hadi 5, na makubwa huishia kooni. Dakika ishirini zimepita, kikombe bado kimejaa, kila mtu anauliza mbona mtoto hafunguki. Kama hamna silinda, tumieni kompresa ya umeme (pampu ya hewa) kwa dawa, na oksijeni ipite kwa mrija wa puani wakati huo huo.

Mambo mengine ya haraka: kikombe kisimame wima, kikilala hakinyonyi. Kikianza kutema-tema, gonga ubavuni matone yarudi chini, halafu simamisha. Kama mililita moja hubaki, haitoki. Kichujio cha kompresa kikiwa cheusi, kibadilishwe. Hewa yetu ina chumvi na vumbi, usingoje ratiba ya kitabu.

Na umeme ukikatika, msisimame mkimulika mashine kwa tochi ya simu. Inhela haihitaji stima.

#6 nesi_wa_zamu

Kwa wasio na spesa ya dukani: chupa ya maji ya nusu lita. Si ubunifu wa uchochoroni. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walichapisha jaribio katika jarida la Lancet: chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyozibwa vizuri ilifungua vifua vya watoto sawa na spesa ya kiwandani. Isiyozibwa ilifanya kazi kidogo, na kikombe cha povu kilikuwa cha mwisho.

Kwa hiyo siri iko kwenye kuziba. Chukua waya mgumu, uukunje ufuate umbo la mdomo wa inhela, ule mviringo uliobanwa. Usikadirie kwa jicho, uzungushe kwenye plastiki yenyewe. Utie kwenye makaa mpaka upate moto, kisha uugandamize kwenye kitako cha chupa. Kitako cha chupa nyingi kina matuta, tafuta sehemu iliyo sawa. Toa kipande kilichokatika ndani. Kikibaki kitavutwa na mtoto. Kwangua vijipande vilivyoganda pembeni ya tundu. Mdomo wa inhela uingie kwa kusukuma, usitoke wenyewe ukiigeuza chupa. Zungushia plasta ya hospitali au gundi, na gundi ikauke kabisa mpaka harufu iishe.

Shingo ya chupa ndiyo huingia mdomoni mwa mtoto anayejua kufunga midomo, kuanzia miaka 4 hivi. Mdogo zaidi huvalishwa barakoa, na shingo ichomekwe hapo kwa plasta.

Chupa iwe ya maji ya kunywa. Iliyowahi kutiwa mafuta ya taa au jiki, tupa.

Ioshe kwa sabuni ya maji ya vyombo, itundike kivulini ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa. Plastiki ikisuguliwa hupata umeme wa kunata, ule unaovuta nywele za mkono, na dawa hushikwa ukutani. Hii ni sawa kwa spesa ya dukani pia: mpya ioshwe kabla ya matumizi ya kwanza, kisha mara moja kwa mwezi.

Jinsi ya kumshika: mpakate mgongo wake kifuani kwako, awe wima. Barakoa ifunike pua na mdomo bila mwanya. Aanze kupumua ndani ya chupa ndipo ubonyeze. Hesabu pumzi kwa kutazama tumbo lake. Anayelia kwa nguvu hupata dawa kidogo mno, kwa hiyo nusu dakika ya kumbembeleza ina faida kuliko kumkaba.

#7 baharia_wa_faza

Naam, lakini sisi wa Pate twafanyaje? Maji yakipwa, mlango wa bahari wa Mkanda hapapitiki, na kuzunguka kwa nje wakati wa kusi ni shughuli. Mtoto yumo kwenye mtaboti, saa nzima na zaidi. Nimpe mara ngapi bila kumdhuru?

#8 klinik_malindi

Bwana baharia, mpe 6 kabla ya kupanda, halafu 6 kila dakika 20 maadamu mbavu bado zinazama. Saa nzima ni mipulizo 18, mkebe unatosha, mradi uwe umehesabiwa. Moyo utaenda mbio na vidole vitatetemeka. Hivyo havimuui mtoto. Kukosa hewa ndiko kunakoua. Akifunguka, simamisha na umtazame.

Akae wima mapajani, asilazwe. Asikae tezini, nyuma ya chombo, karibu na mashine, moshi wa petroli utambana upya. Mkalishe mbele ya injini, leso ikinge upepo na rasharasha, lakini isimfunike uso. Inhela iwe ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Na pigeni simu hospitali kabla ya kung'oa nanga ili mkute oksijeni tayari gatini au wodini.

Maji yakiwa yanakupwa, uamuzi wa kuondoka uchukuliwe mapema kuliko mtu wa mjini. Aliyehitaji awamu ya pili ya mipulizo nyumbani, kwa Faza, Siyu au Kizingitini, ni wa kupelekwa kituo cha karibu sasa. Kituo hicho kina prednisoloni hata kama hakina mashine.

#9 nesi_wa_zamu

Kwa upande wa Malindi: tuktuk, mtoto ameketi. Bodaboda na mtoto aliyebanwa katikati ya watu wawili wazima hapana.

#10 mfamasia_mtaa

Daktari ameigusa prednisoloni na kupita. Tuifafanue, maana ndiyo husahaulika.

Salbutamoli hulegeza misuli inayobana njia ya hewa. Uvimbe na makamasi ya ndani haigusi. Ndiyo maana mtoto hufunguka saa tisa alasiri na kurudi saa mbili usiku. Prednisoloni hushusha uvimbe, lakini huchukua saa kadhaa, kwa hiyo itolewe katika saa ya kwanza. Kipimo ni miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, siku 3 hadi 5. Isipite 20 chini ya miaka 2, 30 kwa miaka 2 hadi 5, 40 kwa miaka 6 hadi 11. Mtoto wa kilo 14 mwenye miaka 3: vidonge vinne vya miligramu 5, vilivyosagwa na asali, kwa sababu ni vichungu kama shubiri. Akitapika mara tu baada ya kumeza, apewe tena. Asiyeweza kumeza atatiwa ya sindano. Haina nguvu zaidi ya kidonge.

Iandikwe na mhudumu wa afya kwa kila shambulio. Si ya kuweka kabatini na kumpa kila akikohoa.

#11 daktari_wa_zamani

Zamani dripu ya aminofilini, ya kufungua kifua, ilikuwa ndiyo mambo yote. Vijana mmeitupa?

#12 klinik_malindi

Shekhe wangu, kwa heshima, tumeiweka nyuma sana. Nafasi kati ya kipimo kinachosaidia na kinacholeta kutapika, moyo kwenda mrama na degedege ni nyembamba, na salbutamoli ikitiwa vizuri haiongezi kitu cha maana.

Ngazi ya leo kwa shambulio kali: oksijeni, tukilenga asilimia 94 hadi 98 kwenye kipimo cha kidole. Salbutamoli kila dakika 20. Ipratropiamu (dawa nyingine ya kufungua njia za hewa) mikrogramu 250 ichanganywe kwenye kikombe kimoja na salbutamoli, awamu zote tatu za saa ya kwanza. Prednisoloni. Asipofunguka, kwa wa miaka 2 na zaidi, magnesiamu salfeti ya mshipa, miligramu 40 hadi 50 kwa kilo, isipite gramu 2, ipite taratibu kwa dakika 20 au zaidi. Mtoto wa kilo 15 kwa kipimo cha 40 ni miligramu 600. Dawa ya 50% hiyo ni mililita 1.2, ichanganywe na maji ya chumvi mpaka mililita 50. Presha ipimwe, maana hushuka.

Jambo moja huwatisha wauguzi wapya: baada ya salbutamoli namba ya oksijeni huweza kushuka kidogo kabla ya kupanda, kwa sababu damu hukimbilia sehemu za pafu ambazo hazijapata hewa. Ongeza oksijeni, usikatishe dawa.

Dawa za bakteria hazina kazi hapa isipokuwa kuna dalili za nimonia au maambukizi mengine. Pumu nyingi za watoto huamshwa na virusi vya mafua.

#13 nesi_wa_zamu

Na si kila mluzi ni pumu. Chini ya mwaka mmoja, mluzi wa kwanza na mafua, mara nyingi ni bronkiolaitisi (uvimbe wa vijinjia vidogo vya mapafu uletwao na virusi), na salbutamoli haisaidii. Huyo anataka oksijeni, pua kusafishwa na kunyonyeshwa kidogo kidogo. Sauti ikitokea anapovuta hewa ndani, kama jogoo aliyekabwa, shida iko kooni. Mluzi ulioanza ghafla, upande mmoja wa kifua, mtoto aliyekuwa akila karanga au korosho: kuna kitu kimekwama, apelekwe hospitali mara moja.

Mtoto aliyekula kamba au kuumwa na nyigu, midomo imevimba, mwili umetoka vipele na kifua kimebana: dawa ya kwanza ni adrenalini ya 1:1000, mililita 0.01 kwa kilo kwenye msuli wa paja, isipite 0.3. Inhela ifuate baadaye.

Kufukiza mtoto chini ya shuka, udi, buhuri, moshi wa makumbi wa kufukuza mbu: vyote vizimwe. Habasoda kwa mtoto anayetweta humpalia. Dua isomwe, inhela iendelee.

#14 mama_wa_watatu

Akishafunguka, nalala au nakesha? Na je, spesa moja kwa watoto wawili?

#15 klinik_malindi

Mama, usimwache alale mbali nawe usiku wa kwanza. Salbutamoli hudumu kama saa nne. Akiihitaji tena kabla ya muda wa saa tatu kupita, rudi hospitali, usingoje kupambazuke. Siku ya kwanza mpe kila saa 4 hadi 6 akibanwa tu, na prednisoloni imalizwe siku zilizoandikwa hata kama anaruka. Baada ya siku moja au mbili aonwe tena, na hapo muulize mhudumu kuhusu ya kila siku ya kuzuia. Mtoto anayemaliza mkebe wa salbutamoli kwa miezi michache hakosi salbutamoli, anakosa beklometasoni au budesonidi.

Spesa moja kwa watoto wa nyumba moja sawa, ukiiosha kati yao. Inhela kila mmoja na yake, ili hesabu ya mistari isichanganyike.